Kiti cha Ukutani

...ukuta, shoga yangu! Ukuta mtupu, hauna hata tundu la kupitisha sindano! Kiti cha ndege nimekichagua mwenyewe, cha dirishani, nafika hakuna dirisha.

Na sikukurupuka. Mchumba wangu, si unamjua na ualimu wake wa jiografia, alinielekeza vizuri: kaa kushoto, nyuma ya bawa, jua halitakuchoma macho. Utaona ziwa, halafu mlima, halafu ndege ikiinama kutua utaona uwanja wa mpira wa shule yetu. "Nimekuandikia neno hapo kwa chokaa," akasema. "Ukishuka uniambie umelipokeaje. Nitakuja na mama." Neno nililihisi, lakini kuhisi si kusoma.

Basi nimebanwa. Kushoto ukuta, kulia mama mmoja mnene, mguu umefungwa plasta, anakoroma. Mkanda tumboni. Ndege imejaa. Namwomba mhudumu anihamishe, ananiambia, "Dada, kwenye kompyuta hapa ni dirishani."

"Basi hiyo kompyuta ije ikae."

Akacheka, akaenda zake.

Ziwa nililisikia tu, watu waliposema "aaah". Mlima vilevile. Mimi natazama ukuta kama mahabusu.

Tukaanza kushuka. Nikapenyeza mdomo katikati ya viti, kwa babu wa mbele yangu, mwenye dirisha lake. "Shikamoo babu. Samahani, ukiona uwanja wa shule una maandishi, nisomee."

"Marahaba. Maandishi ya nani?"

"Ya mchumba."

"Aa. Ngoja nivae miwani."

Mama wa plasta akaamka palepale. Kumbe alikuwa anakoroma masikio wazi.

Ndege ikainama. "Nayaona," babu akasema. "Tu... o... na... ne. Tuonane."

Nilipoa, shoga. Tuonane? Chokaa yote ile kuniambia bai?

Dada wa kiti cha nyuma akadakia, "Babu, umeongeza N. Ni tuoane."

"N ipo. Nimeiona na miguu yake."

"Hizo nguzo za goli, babu."

"Binti, miwani hii nimepimiwa juzi tu."

"Mwambieni rubani azunguke tena," akasema mama wa plasta, na magurudumu yakagusa chini.

Sasa fikiria. Nikisema nakubali kumbe kaandika tuonane, nimejioza mwenyewe mbele ya mama yake. Nikisema haya, tuonane, kumbe ni ndoa, nimemuua mtoto wa watu. Na njia ya kutoka ni ile moja tu, wao wamesimama mwisho wake.

Yuko pale, chokaa mpaka kwenye nyusi. Mama yake pembeni, kakumbatia mkoba.

"Umesoma?"

"Nimesomewa."

"Unasemaje?"

Babu na mama wa plasta wamesimama nyuma yangu, mizigo wameisahau. Nikamwambia, "Litamke kwanza kwa mdomo wako."

Akasema, "Tuoane."

Nikasema ndiyo, kasauti kadogo kama ka kifaranga. Mama yake akanishika mkono. "Umejibu haraka hivyo, mimi nimeshaulizwa?"

Hakuniachia mpaka nyumbani. Hapa nilipo ni chumbani kwake, mlango kaurudishia, kaenda kuwaita dada zake waje tuongee. Nasikia ndala zao kwenye korido. Weka simu karibu kesho asubuhi, nikitoka humu nakupa yote waliyonihoji.