Nyumba Aliyoikana Stambuli

Wanaume wa kujisifia mali wako wengi Bigwa, lakini wa kusimama mbele ya hakimu na kuapa kwamba hana hata banda la kuku alikuwa Stambuli peke yake. Na aliapa huku akitabasamu, maana alijiona mjanja kuliko waliomzaa.

Nyumba yenyewe nani hakuijua? Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, baraza la saruji mbele na mlima nyuma. Mwanahawa, mkewe, alikuwa akishuka na ndizi na pilipili manga kutoka kwao Matombo, anauza Mwembesongo, na faida inageuka saruji. Matofali aliyafyatua pamoja na mumewe, mimba ya Twalibu ikiwa tumboni. Maji ya kufyatulia aliyachota mtoni kwa kichwa kile kile ambacho Stambuli alikuja kusema hakina akili. Kiwanja walikinunua kwa Mzee Hatibu, mjomba wa Stambuli, kwa mdomo na kushikana mikono tu, kama wafanyavyo ndugu ambao hawajagombana bado.

Kisha Stambuli, aliyekuwa dalali wa vitunguu, akanogewa na safari za Dumila. Kumbe vitunguu vya Dumila vilikuwa na jina, vikiitwa Asha, na vilikuwa na mkahawa kando ya barabara kuu. Haukupita muda Mwanahawa akapewa talaka. Hakulia wala hakumfuata mtu Dumila. Alikwenda mahakama ya mwanzo kudai sehemu yake katika nyumba.

Hapo ndipo Stambuli alipotoa ujanja wake mfukoni. Aliona kwamba akisema nyumba ni yake, ataulizwa aliijenga na nani. Basi akasema si yake.

"Mheshimiwa, ile nyumba ni ya lukolo," akasema, yaani ya ukoo wa mama yake. "Ardhi ni ya mama zetu, na fedha za kujengea zilitoka kwenye ukoo. Mimi pale nimekaa tu kama mtoto wa nyumbani. Sasa nitamgawiaje mke nyumba isiyo yangu?"

Mzee Hatibu akaapa naye, kwa mkono ule ule uliopokea malipo ya kiwanja, kwamba hakuuza kitu, aliwaonyesha tu mahali pa kujisitiri. Mwaisha, dada mkubwa wa Stambuli, akaapa pia. Mwanahawa hakuwa na karatasi, na majirani walioona kila tofali likipanda ghafla wakawa na safari za mbali, maana nani anataka ugomvi na ukoo wa watu? Mahakama ikaona nyumba si mali ya wanandoa. Hapakuwa na cha kugawana.

Stambuli akamngoja nje, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Pole, Mama Twalibu. Ungeniomba kwa upole ningekupa hata godoro."

"Godoro la lukolo?" Mwanahawa akamuuliza. "Utatoaje mali ya watu?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Stambuli naye akacheka, maana hakuelewa.

Mwanahawa akakata rufaa mahakama ya wilaya, akapanda zake Matombo kwa mama yake, kwenye ardhi ya bibi zake, ambako hakuna mume awezaye kumwambia mwanamke toka.

"Achana nao," mama yake akamwambia. "Migomba hii ni yako, kitanda kipo. Nyumba ya mjini ya nini?"

"Mama, migomba hii nimezaliwa nikaikuta. Ile nyumba niliijenga. Nataka jasho langu."

Huko chini Bigwa, Stambuli alikuwa amekwisha kumleta Asha na kubadilisha mapazia. Sasa, kila Mluguru anajua, hata aliyezaliwa jana, kwamba mali ya lukolo haikai mkononi mwa mwanaume. Mwanaume wa ukoo atasema barazani, atapatanisha, atasimamia mazishi, lakini shamba na nyumba ni vya dada zake na binti za dada zake. Stambuli aliyajua hayo kama alivyolijua jina lake. Ila alidhani ni mila ya kumfukuzia mke. Haikumjia akilini kwamba nayo ina macho, na inaweza kugeuka ikamtazama yeye.

Asubuhi moja guta likasimama mbele ya baraza, limejaa magodoro, masufuria na kabati la vyombo. Mwaisha akashuka, na binti yake nyuma yake.

"Dada, karibu! Mbona na vitanda?"

"Nimekuja kwangu."

"Kwako wapi?"

"Mdogo wangu, siku ile uliapa umelewa? Ulisema nyumba ni ya mama zetu. Mama yetu yuko kaburini, mwanamke mkubwa wa ukoo ni mimi. Huyu mwanangu anaolewa, anataka vyumba vya upande wa mlima, vina ubaridi."

"Lakini dada, si tulikubaliana kusema tu?"

"Wewe ulisema tu," Mwaisha akamjibu, akimpa kiti abebe. "Mimi niliapa."

Stambuli akakimbilia kwa Mzee Hatibu. Mzee akamkaribisha, akamsikiliza, akakohoa vizuri. "Mjomba," akasema, "umri wangu huu, nikiapa huku na huku nitakufa vibaya. Nenda kaishi na dada yako kwa adabu."

Kuishi kwenyewe kukawa ndani ya stoo, kati ya magunia na jembe lisilo na mpini. Asha akavumilia siku chache, kisha akafunga kanga zake. "Uliniambia una nyumba," akamwambia. "Mimi Dumila nina chumba kimoja cha mabati mabovu, lakini ufunguo wake nalala nao mimi." Akapanda basi, wala hakugeuka.

Ndipo watu wa Matombo walipomwona Stambuli akipanda kilima, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Mama yake Mwanahawa alikuwa uani akimenya ndizi, na binti yake kando akipepeta pilipili manga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuwaona." Akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa. "Mama Twalibu, nimesikia ile rufaa yako inakaribia kusikilizwa. Nimeona nije nikutie moyo."

Mwanahawa aliangua kicheko, ungo ukamponyoka, pilipili zikamwagika na kuku wakazikimbilia.

"Unitie moyo nikushinde?"

"Haki ni haki. Ukishinda unapata nusu yako."

"Na nusu nyingine?"

Stambuli akawatazama kuku.

"Sema, baba," mkwewe akamchokoza, kisu kikiendelea na ndizi. "Nusu nyingine itakuwa ya kuku?"

Mwanahawa akaokota pilipili zake polepole ili apate nafasi ya kufikiri. Tamaa ilimjia, na ilikuwa tamu: aiache rufaa ife, ili Stambuli alale stoo ya dada yake mpaka mvi zimfike kwenye nyusi. Watu wote wangesema amekomeshwa. Aliionja hiyo tamaa, akaizungusha mdomoni. Lakini kukomoa hakuna mlango wala dirisha, na yeye alikuwa anataka vyumba.

"Nitakwenda mbele," akasema. "Lakini utasimama wewe mwenyewe, useme."

"Niseme nini?"

"Ulichofanya."

"Mama Twalibu! Mimi ni mtunza hazina wa msikiti. Niseme hadharani niliapa uongo? Si watanifunga?"

"Basi karudi kwa dada. Nasikia stoo haina mbu."

Siku ya rufaa watu wa Bigwa walijaa mahakamani kama harusini, hata wale waliokuwa na safari za mbali mara ya kwanza. Hakimu wa wilaya, mama mwenye miwani, alikubali Stambuli asikilizwe upya.

"Mheshimiwa, mwanzoni nilipotoka kidogo," akaanza.

"Ulipotoshwa na nani?"

"Na... na mazingira."

Chumba kikacheka. Hakimu akagonga meza. "Nyumba ni ya nani?"

"Yangu na huyu."

"Huyu ana jina."

"Mwanahawa." Ikawa kama anatema mfupa.

"Ilijengwaje?"

Basi akayasema. Ndizi za Matombo, saruji, maji ya mtoni, matofali, mimba, kiwanja cha kununuliwa kwa mjomba. Neno moja moja lilimtoka kama jino bovu. Mwanahawa alikuwa akidhani atafurahi. Badala yake hasira mpya ikampanda, kwamba mwanaume huyu alikuwa anakumbuka kila ndoo, alikuwa anakumbuka wakati wote, na ilibidi alazwe stoo ndipo kumbukumbu impate. Alikunja mikono mapajani, akamwangalia mpaka alipomaliza. Stambuli hakuthubutu kugeuka upande wake.

Mahakama ikaamua kwamba nyumba ilipatikana kwa nguvu za wote wawili, nusu kwa nusu. Na kuhusu viapo vya uongo, hakimu akasema wenye kazi hiyo watajulishwa. Mzee Hatibu, pale nyuma, akaomba kutoka kwenda kujisaidia, na hakurudi.

Mwaisha akapakia guta lake akitukana kwa sauti ya kusikika barabarani. "Ukiugua usiniite! Mwanaume anaapa hivi leo, kesho vile, kama bendera!" Ukiyasikia maneno yake ungedhani yeye hakuapa kitu.

Basi nyumba ikagawanywa. Mwanahawa akachagua vyumba vya upande wa mlima, akaleta fundi wa kujenga ukuta katikati ya ukumbi. Fundi alikuwa amekwisha kufunga uzi na kupanga tofali za chini pale Stambuli alipojitokeza kwenye mlango wake, amevaa kanzu safi, na chupa ya chai mkononi.

"Mama Twalibu, nimekaa nikafikiri," akasema kwa ile sauti ya kuuzia vitunguu. "Nusu yako na nusu yangu, si nyumba nzima? Talaka yenyewe ni moja tu, na dini haikatazi tuoane upya. Tukirudiana, hata huyu fundi hatuna haja naye."

Fundi akasimamisha mwiko, akasubiri. Mwanahawa alikuwa akiutazama uzi.

"Fundi, ulisema ukuta utaishia wapi?"

"Usawa wa mlango, mama. Juu tunaacha hewa ipite."

"Usiache," Mwanahawa akasema. "Panda nao mpaka kwenye bati."