Mtambo Unamwita Ignatio

Asubuhi ile niliposikia tena majani yakifyekwa kule mteremkoni, sikutoka kuangalia. Tangu tumzike mume wangu Florian mwaka jana, ukungu ukishuka hapa Maguu nasikia nyengo yake, lile panga lililopinda, ikipita kwenye majani, fyaa, fyaa. Nikienda, majani yamesimama vilevile. Nyengo yenyewe iko darini, nimeipaka mafuta isishike kutu. Basi nafanya ishara ya msalaba, nawasha moto.

Katika ukoo wetu nyengo ya marehemu haikai bila mwenyewe. Siku ya kumaliza matanga, shangazi husimama mlangoni, humwita mrithi kwa jina la marehemu, naye huitika, huipokea, huenda kufyeka hata kama ni kidogo tu. Hapo marehemu hana tena kazi ya kurudia. Sisi hatukufanya. Mrithi ni mwanangu Ignatio, na siku hiyo alikuwa Dar es Salaam akiwafundisha watu kazi yake.

Alikaa miaka mingi kwenye kampuni inayotunza kompyuta za mabenki. Mtambo wao ukikwama hupiga simu wenyewe bila mtu, na namba uliyokuwa ukiipigia ni yake. Mwaka jana kampuni ikasema inapunguza wafanyakazi. Kazi wapewe vijana wa mkataba, walipwe kidogo, kila mmoja akae kwao. Ila kwanza wale wa zamani wawafundishe, na atakayeondoka kabla hajamaliza kufundisha asidai kiinua mgongo. Ndiyo maana matanga ya baba yake yalimalizwa bila mrithi.

Alirudi baada ya Krismasi, na simu ile ikarudi naye, ikilia. Kule hakuna aliyekumbuka kuiondoa namba yake. Tuko shambani tunatengeneza ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, yeye analaza majani kwa miraba, mimi nachimba katikati na kuyafukia, mara unatoka ule mlio mmoja mrefu. Anasimama na majani mkononi. Midomo inacheza, vidole vinagonga hewa. Kisha kijana aliyechukua nafasi yake anapiga, naye anamweleza, bure, mpaka ugali unapoa. Jumapili moja padre ameinua hostia, mwanangu akatoka kanisani na simu sikioni.

"Huyo hakuachishwa kazi," Walburga aliniambia. Ni dada yake Florian. "Huyo amekufa, hawajamwambia tu."

"Wifi, acha."

"Niache nini? Kaka yangu anafyeka hewa, mwanawe anagonga hewa. Nyumba hii mna wafanyakazi wengi, mavuno ndiyo siyaoni."

Nilicheka, halafu nikaogopa. Mwanangu alikuwa amekonda, na ukimwita mara moja haitiki. Nilitaka kitu kimoja tu, arudi kwangu mzima kabla hajawa sauti kama baba yake. Nikamwambia Walburga aje tumalize lile lililobaki.

Alikuja Ijumaa, kitenge kipya kiunoni. Akasimama mlangoni na nyengo mikononi.

"Florian."

Ignatio akafungua mdomo aitike. Simu ikalia mfukoni. Akaitoa, akaitazama, na macho yake yakaenda mbali.

Nikaichukua mkononi mwake, nikapokea. Sauti ilitoka kubwa, wote tukaisikia.

"Kaka, shikamoo. Mtambo umekwama tena..."

"Mimi ni mama yake."

"Oh. Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani, na uko wapi?"

"Abdulmajid, mama. Niko Mbamba Bay, dukani kwa baba."

Siku zote nilidhani vijana hao wako mbali sana, ng'ambo huko. Kumbe yuko hapo chini tu, ziwani.

"Kazi ya mwanangu umeirithi wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi irithi yote. Toa jina lake huko, weka la kwako. Mtambo ukiita, uitike wewe."

Nyuma yake mtu alikuwa anauliza bei ya sabuni.

"Mama, na mimi naondoka mwisho wa mwezi. Wamepata wengine wa bei ya chini zaidi, ndio ninaowafundisha sasa. Nikiweka jina langu litabaki humo kama la kaka. Mtambo utakuwa unaniita mimi."

"Makubwa," alisema Walburga.

Ignatio akanyoosha mkono nikampa simu.

"Majidi, kufuta majina si unaweza?"

"Naweza, kaka. Nilikuwa naogopa. Ukifutika wewe nitamuuliza nani?"

"Futa langu leo. Siku yako ya mwisho futa na lako. Uwaandikie wakubwa kwamba umefuta, waweke wanayemtaka."

"Hawasomi tunachowaandikia. Mtambo ukilia je?"

"Ulie."

"Utakuwa unamwita nani?"

"Sijui," alisema mwanangu. Akakata.

Tulisubiri pale mlangoni. Simu ikatoa mlio mfupi, mdogo, ambao sikuwahi kuusikia, kisha kioo kikawa cheusi. Walburga akakohoa.

"Florian."

"Nimeitika, shangazi."

Akapokea nyengo, akashuka mteremkoni. Nilisikia fyaa, fyaa, na mara hii nilitoka kuangalia. Majani yalikuwa yanalala chini.

Tangu siku hiyo ukungu unashuka kimya. Ignatio anakula, na mwisho wa mwezi umeshapita. Kwenye rozari, nikishamwombea mume wangu, nasita. Nakiwaza kile kitu cha Dar es Salaam kikilia, hakina jina la kuita. Sijui kama kitu cha namna hiyo huombewa.

Juzi tulikuwa shambani. Ignatio alisimama ghafla katikati ya miraba, mkono ukaenda mfukoni. Simu ilikuwa nyumbani, imezimwa, iko sandukuni chini ya vitenge vyangu.

"Mama, umesikia?"

Nilikuwa nimesikia.

"Laza majani, baba," nilimwambia, nikaendelea kufukia.