Sare Inatutosha

Zilipobaki mechi tatu msimu uishe, chuo kizima kiligeuka kuwa makocha. Mpishi wa bwalo alikuwa anapakua chakula huku akipiga hesabu za pointi, na ukimkatiza anakupunguzia. Mlinzi wa getini hakufungui mpaka umwambie beki wetu wa kushoto amepona goti au bado anachechemea. Hata mkufunzi wa famasia, mzee asiyejua kona ni nini, siku moja alifunga kitabu akatuambia tukishinda mbili na kutoka sare moja tunaingia fainali ya vyuo. Tangu chuo chetu cha uuguzi kijengwe, timu ya wasichana haijawahi kufika huko.

Hesabu zote hizo ziliishia mahali pamoja. Mpishi, mlinzi, mkufunzi, kila mmoja alimalizia vilevile: alimradi Sumaku yuko golini.

Sumaku ni mdogo wangu. Ni mtoto wa mama mdogo, ila kalelewa kwetu tangu ananyonya kidole, na mama yangu hajui kututofautisha isipokuwa kwenye kugawa lawama. Kabla yake golini nilikuwa mimi. Misimu miwili waliniita Komeo, kwa sababu nikifunga nimefunga. Alipojiunga na chuo nilimshika mkono mwenyewe nikampeleka mazoezini, nikamwambia kocha huyu atanisaidia kuokota mipira. Haukupita muda mrefu, mwokota mipira akawa mimi.

Sitapamba maneno. Nilimwonea wivu. Wala si ule wa kuchekacheka na kutaniana, ni kijiba cha roho, kile kinachokukaba mpaka tonge halipiti. Akidaka mpira, mimi naangalia miguu yake ilisimama wapi nipate pa kumkosoa, na nisipopata ndipo roho inauma zaidi. Kibaya kuliko vyote, ana adabu. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na kila asubuhi kabla hajakanyaga sakafu ananiinamia kichwa chini na shikamoo yake. Jaribu kumchukia mtu wa namna hiyo uone kazi yake.

Mama naye alipopiga simu, swali la kwanza ni mdogo wako amekula, la pili ni mdogo wako hajaumia. La tatu sikulisubiri, nilikuwa nasema mtandao unasumbua.

Nilibaki na kazi moja tu ya heshima, nayo ni taulo. Huo ulikuwa mtindo wa timu yetu, na niliuanzisha mimi nilipokuwa mwaka wa kwanza, kipa wa akiba. Kipa wa akiba ndiye anayewachunguza wapigaji wa penalti wa timu pinzani. Nilikwenda kwenye mechi zao, nikakaa nyuma ya goli na karanga zangu, nikaangalia nani anapenda upande upi na nani anajisaliti kwa kuinamisha bega. Halafu ikipigwa penalti dhidi yetu, nasimama mbele ya benchi. Taulo likiwa bega la kulia, kipa aruke kulia kwake. Likiwa bega la kushoto, aruke kushoto. Refa anaona msichana anajifuta jasho.

Mechi ya kwanza kati ya zile tatu tulishinda bila kutoka jasho. Ya pili tulikuwa tunaongoza bao moja, wakapata penalti jioni imeshaingia. Nikaweka taulo kushoto. Sumaku akanitazama, akaruka kushoto, akaupangua. Uwanja ulimwimba. Walimbeba mabegani mpaka bwenini, na mpishi akamwekea sahani iliyofura kama mlima. Mimi nilitembea nyuma nimebeba begi la mipira. Hakuna aliyeuliza kipa alijuaje.

Basi jioni ile, nje ya bafu za bwenini, winga wetu akanikuta nafua soksi kwa hasira akaniuliza nina nini. Winga ni shoga yangu wa siku nyingi, simfichi kitu. Nilimwambia siku Sumaku atakapofungwa bao la kizembe mbele ya chuo kizima, ndiyo siku nitakayolala usingizi. Nilisema hivyohivyo, kwa sauti yangu yote. Mlango wa bafu la tatu ukafunguka, akatoka yeye, kajifunga kanga, povu bado liko sikioni. Akasema samahani dada, akapita.

Asubuhi yake shikamoo ilikuja kama kawaida, ila hakuinama. Aliisema akiwa ameutazama ukuta.

Nilijiambia yatapita. Hayakupita. Mazoezini nilipompigia mipira ya kupasha misuli alidaka bila neno, na nilipomwelekeza asogee hatua mbele, alirudi nyuma. Ningeweza kumwomba radhi. Maneno nilikuwa nayo mdomoni mara kadhaa, kisha namwona mtu anamwomba wapige picha pamoja, nayameza.

Ikaja mechi ya mwisho, na chuo kizima kikawa na wimbo mmoja: sare inatutosha. Wapinzani wetu walikuwa chuo cha ualimu, wasichana warefu wenye mashuti ya kuchana nyavu. Tulitangulia kufunga, wakasawazisha. Kipindi cha pili kikawa cha kubana meno. Sumaku aliokoa mipira ambayo mimi, nasema kweli, nisingeiona. Kila alipookoa nilipiga makofi, maana watu walikuwa wananiangalia.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mshambuliaji wao akapenya. Sumaku akatoka kumfuata, akachelewa kidogo, akamkwatua mguu. Penalti, na juu yake kadi ya njano.

Kocha akashika kichwa. Winga akakaa chini uwanjani. Mimi nilikuwa nafikiria ile kadi. Ilikuwa ya tatu kwa Sumaku msimu huu, na kwenye ligi yetu kadi ya tatu inakukosesha mechi inayofuata. Mechi inayofuata, kama mpira ule hauingii, ni fainali. Golini kwenye fainali hakuna mwingine ila mimi. Mama angekuja. Mpishi, mlinzi, mkufunzi wa famasia, wote wangekuja, na wangekumbuka Komeo ni nani. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni, na nafasi nyingine haikuwepo. Sijawahi kumwombea mdogo wangu aokoe mpira kama nilivyomwombea dakika ile, na sikuwa namwombea yeye.

Mpigaji wao nilikuwa namjua kama ninavyoujua mfuko wangu. Huinamisha bega, anarudi hatua fupi, anapiga kulia kwa kipa, chini, karibu na mlingoti. Hajawahi kubadilisha. Nikasimama mbele ya benchi, nikaweka taulo bega la kulia, nikalikandamiza kwa mkono ili lisiteleze hata kidogo.

Sumaku akanitazama. Kwa kawaida hunitupia jicho mara moja tu. Safari hii alinitazama mpaka refa akampigia filimbi ageuke. Nikaligusa taulo tena. Kulia, mdogo wangu, kulia.

Akaruka kushoto.

Mpira ulipita kulia, chini, karibu na mlingoti, taratibu kiasi kwamba hata mimi wa kuokota mipira ningeudaka. Muda uliobaki hatukuupata mpira tena. Ikapigwa filimbi ya mwisho, na hesabu zote za bwaloni na getini zikaishia hapo. Fainali wakaenda walimu.

Chumba chetu cha kubadilishia nguo kilikuwa darasa, madawati yamesukumwa ukutani. Kocha alisema maneno mawili matatu ya kututia moyo, akatoka nje. Mmoja mmoja wakavua viatu wakaondoka. Winga aliponipita alinikata jicho moja kali, nikajua amekumbuka maneno ya bafuni na amehesabu vyake. Mwisho tukabaki wawili. Sumaku alikuwa amekaa juu ya dawati, glavu bado ziko mikononi, magoti yana matope.

"Dada," akasema, "ulinionyesha kweli."

"Nilikuonyesha kweli."

"Mimi nilidhani unanidanganya. Niliona unavyolikandamiza lile taulo, nikajua huyu anataka nifungwe. Siku ile ulisema."

"Nilisema."

Alikuwa anajivua glavu, ya kwanza imegoma kutoka, anaivuta kwa meno. Nikamshika mkono nikamvua, kama nilivyokuwa namvua soksi za shule. Aliponitazama, macho yalikuwa yamejaa.

"Sasa kwa nini hukunidanganya?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, lilihusu kadi tatu na fainali moja, na lingemweleza kila kitu alichokuwa anataka kujua kuhusu mimi. Nililiweka ulimini, nikaliona lilivyo.

"Kwa sababu wewe ni mdogo wangu," nikasema.

Uso ukamvunjika. Akaniangukia begani akalia kwa kwikwi, ananiomba msamaha, ananiapia kwamba hatanifikiria vibaya tena maisha yake yote. Uwanjani nilimwambia ukweli, akaukataa. Huu uongo ameupokea kwa mikono miwili. Nilimpigapiga mgongo nikimwambia basi, basi, yameisha, na yeye akazidi kunikumbatia.