Sauti ya Mzee Haipiti

Mzee alikuwa na sauti, na hapa simsifii kwa sababu tu ni mgonjwa. Maisha yake yote ya kazi alitangaza treni katika stesheni kuu, na abiria walikuwa wakisema kwamba hata treni iliyochelewa, ikitangazwa na yeye, ilionekana ina sababu ya maana. Alipostaafu iliwekwa mashine mahali pake, na hakuna aliyeipenda. Sasa koo lilikuwa limeota uvimbe. Madaktari walimweleza bila kuzungukazunguka: kesho asubuhi wataukata, uhai utabaki, lakini sauti itaondoka na uvimbe. Kabla ya jioni alitakiwa awe amefika wodini.

Ungedhani mtu wa namna hiyo anawaza kisu. Wapi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya binti yake mkubwa, shingo ameinyoosha, macho kwenye kompyuta, anamuwaza kitindamimba wake.

Kitinda, ndivyo nyumba nzima ilivyomwita hata baada ya kuota ndevu, alikuwa fundi wa mitambo katika kituo cha kupima hali ya hewa, juu kabisa milimani, ambako simu haishiki na mtandao unakuja kwa matone. Yeye na baba yake walikuwa hawajasemezana tangu msiba wa mama. Mama alipofariki, daraja la njia ya mlimani lilikuwa limesombwa na maji, na Kitinda alifika watu wakiwa wameshatoka makaburini. Mzee, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaomba abiria radhi kwa treni zilizochelewa, siku hiyo hakuwa na radhi hata ya dawa. Alimwambia mwanawe mbele ya waombolezaji, "Hata kumzika mama yako umechelewa. Mlango huu usiupite tena nikiwa hai." Ulimi hauna mfupa. Kijana aligeuka na begi lake mgongoni, akarudi alikotoka bila hata kunywa maji.

Sasa mzee alitaka kuyafuta yale maneno kwa sauti ileile iliyoyatamka, kabla haijaondoka. Asubuhi alijifungia chumbani na simu ya binti yake, akajirekodi, akatoka macho mekundu. "Mtumie," akasema. "Na wewe usisikilize."

Kutuma ndiko kulikokuwa na kazi. Barua pepe ya kituo haikupokea kitu kizito, na mambo mengine yote ya mtandao wakubwa wa kule walikuwa wameyafunga. Kilichobaki ni programu moja ya zamani ya kuchati, ya maandishi matupu, ambayo Dada, yule binti mkubwa, na mdogo wake waliizoea tangu wakiwa wanafunzi. Ndani yake kulikuwa na njia ya kutuma faili moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta, bila mtu wa kati. Dada alikuwa fundi wa meno ya bandia, mtu wa vitu vidogo na subira ndefu. Akaihamishia ile rekodi kwenye kompyuta, kisha akamwandikia mdogo wake kwamba baba ana upasuaji kesho, kwamba sauti yake haitarudi, na kwamba amemrekodia neno.

Kitinda alikawia kujibu. Hatimaye akaandika, "Tuma."

Dada akatuma. Ukatokea mstari wa kuonyesha kiasi kilichokwenda, mweupe mtupu, ukakaa kwenye sifuri. Ukakaa na kukaa, hata Shangazi, dada wa mzee aliyekuja kumfungia kaka yake begi la hospitali, akauliza kama hiyo kompyuta imesinzia. Kisha programu ikasema imeshindwa.

"Rudia," mzee akasema.

Akarudia. Sifuri, kimya, imeshindwa. Akamwandikia mdogo wake: "Umebonyeza kupokea?" Jibu likaja: "Nimebonyeza. Hakuna kinachokuja." Akazima programu, akaiwasha, akabadilisha jina la faili asije akawa ameweka alama isiyotakiwa, akatuma mara ya tatu. Mstari ulikuwa mweupe kama ulivyozaliwa.

Mzee akajiegemeza kwenye kiti. "Hataki," akasema.

"Baba, amesema amebonyeza."

"Mtu asiyetaka kufungua mlango husema ufunguo umepotea. Mimi namjua. Alipokuwa mdogo alikuwa anatia uji kwenye mtungi wa maua halafu anasema amemaliza."

Shangazi alicheka, lakini Dada hakucheka, kwa sababu na yeye moyoni alishaanza kuwa na wasiwasi. Mdogo wake alikuwa mpole, na watu wapole wakiumia huwa hawapigi kelele, hukaa mbali tu. Kama kweli hataki, atamwambiaje baba yake? Na mzee aingie chumba cha upasuaji na hilo kifuani? Alijikuta anaomba kimoyomoyo kwamba kosa liwe la mashine. Alikuwa hajawahi kuomba hivyo maishani mwake.

Kitinda akaandika, "Hebu nijaribu kukutumia kitu mimi, tuone." Na kabla Dada hajavuta pumzi, ikaingia picha ndogo: mlingoti wa chuma juu ya mawe, na mawingu chini yake badala ya juu. Ilifika yote, safi, bila kusitasita.

Ungefikiri ni habari njema. Mzee akaiangalia ile picha kwa muda, halafu akainuka. "Basi yamekwisha," akasema. "Vya kwake vinafika. Vyetu havipokelewi. Unataka ushahidi gani tena, mwanangu? Nilimfungia mlango na yeye kanifungia wa kwake. Haki yake. Dada yangu, nipe hilo begi twende."

"Keti, kaka," Shangazi akamwambia. "Hospitali haikimbii."

Dada hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa ameshika kidevu, anatazama ile picha kama anavyotazama jino lisilokaa kwenye ufizi. Iweje ya kwake ipite na ya kwetu isipite? Barabara ni ileile, kompyuta ni zilezile. Akajiuliza swali ambalo angepaswa kujiuliza tangu mwanzo: hivi katika utumaji huu, ni nani anayemfuata mwenzake?

Hapo ndipo alipokumbuka. Siku zile za uanafunzi, Kitinda mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Anayetuma habebi mzigo kwenda popote. Anatoa taarifa tu, "Nina kitu chako," kisha anafungua mlango kwake na kungoja. Anayepokea ndiye anayekwenda kugonga na kuchukua. Ile picha ilifika kwa sababu Kitinda alikuwa na mlango wazi kule kwake, na kompyuta yao ikaenda ikaichukua. Na sauti ya baba haikwenda kwa sababu Kitinda alikuja, akagonga, akakuta pamefungwa. Alikuja mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

"Baba," akasema, na sauti yake yenyewe ilikuwa imelegea kwa furaha, "si yeye. Yeye kila tukituma anakuja. Anafika mpaka kwetu anakuta pamefungwa. Ni sisi tuliofunga."

Alimweleza polepole, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mzee alidhani anadanganywa ili atulie. Mara ya pili akakaa.

"Anakuja?" akauliza.

"Kila tukituma."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja. Halafu akaanza kukohoa, na hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyekumbuka kitu.

"Yule fundi wa mtandao," akasema. "Siku aliyoleta hiyo modemu. Aliniambia kuna milango midogomidogo, mtu wa nje anaweza kuingia. Nikamwuliza, mtu yeyote? Akasema, ikiachwa wazi, ndiyo. Nikamwambia afunge yote. Akasema, mzee, mingine huenda mkaihitaji. Nikamwambia, fundi, nimesema yote."

Shangazi akaweka begi chini ili acheke vizuri. "Nyani haoni kundule," akasema. "Kutwa unamlaumu mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu gani, ni wangu."

"Ndiyo unasema hivyo sasa."

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kawaida. Dada akaingia kwenye mipangilio ya modemu. Neno la siri mzee alikuwa nalo kichwani, akalitaja herufi kwa herufi kwa ile sauti ya stesheni, imekwaruzika lakini bado ni yeye. Dada akachagua mlango mmoja tu, akaufungua, akauelekeza kwenye kompyuta hii, kisha akaenda kwenye programu akaiambia itumie mlango huohuo na si mwingine. Alipomwandikia mdogo wake alichokikuta, Kitinda akajibu, "Nilitaka kukwambia tatizo liko huko, nikaogopa baba ataona namsingizia." Dada akamsomea mzee maneno hayo. Mzee akakivuta kiti chake karibu na kompyuta.

"Tuma," akasema.

Mstari ukatulia kidogo kwenye sifuri, ukawatisha wote, kisha ukaanza kujaa. Ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa konokono, lakini ulikuwa unakwenda. Mzee aliinama mpaka pumzi yake ikampata binti yake shingoni. Ulipopita nusu, taa za modemu zikazimika zote kwa pamoja na mstari ukasimama.

Dada akageuka. Shangazi alikuwa ameshika plagi ya modemu mkono mmoja na ya pasi mkono mwingine.

"Pajama zina mikunjo," akasema. "Siwezi kumpeleka kaka yangu kwa madaktari kama mtu aliyelala stendi."

Kuna maneno ambayo mtu hamwambii shangazi yake, na Dada aliyameza yote, moja baada ya jingine. Mzee ndiye aliyeyasema baadhi. Modemu ikarudishwa, pasi ikatafutiwa soketi nyingine, taa za modemu zikawaka kwa mikogo yake, Kitinda akapotea kisha akaonekana tena. Dada alikuwa amejiandaa kuanza upya, lakini ile programu ya kizee ilikuwa na akili zake: iliuliza kama iendelee pale ilipokatikia. Akabonyeza ndiyo. Ukaendelea. Ukajaa. "Imekamilika," programu ikasema, na Dada akaegemea kiti. Mzee alikaa tena, akaweka mikono magotini.

Ila kufika si kusikilizwa. Wakangoja. Shangazi alipiga pasi pajama bila kuzitazama. Kwenye kompyuta hakuna kilichoandikwa, na kila kimya kilivyozidi ndivyo mzee alivyozidi kunyoosha shati lake ambalo halikuwa na mkunjo.

Kisha Kitinda akaandika, vipande vipande.

"Nimesikiliza."

"Nimesikiliza tena."

"Mwambie baba sikuwa na hasira. Nilikuwa na aibu. Nilidhani akiniona atamkumbuka mama na jinsi nilivyochelewa."

Dada alisoma kwa sauti mpaka mwisho. Mzee alisema, "Mwambie daraja halikuwa kosa lake. Nimeshamwambia humo ndani, lakini mwambie tena." Akamwandikia. Kutoka milimani yakaja maneno mengine.

"Kuna jambo sikuwaambia, nilikosa pa kuanzia. Nilioa, na tuna mtoto. Wa kike. Anakaa na mama yake huku mjini chini ya mlima, na nashuka kwao mwisho wa wiki hii. Nikitoka hapo nawaleta wote nyumbani. Tumempa jina la mama."

Shangazi aliiweka pasi pembeni na kuizima.

"Lakini tukifika, baba atakuwa hawezi kumwita," Kitinda aliendelea. "Naomba aniitie jina lake sasa. Mara moja tu. Nimwekee, awe ameitwa na babu yake."

Jina la marehemu lilikuwa halijatajwa humo ndani tangu msiba. Walisema "mama" au "mwenyewe", na mzee hakusema kabisa. Dada alimgeukia, akiwa tayari kumwambia kwamba si lazima, kwamba Kitinda ataelewa. Mzee alishanyoosha mkono kutaka simu.

Hakwenda kujifungia chumbani. Alikaa palepale kwenye kiti cha plastiki, akakohoa pembeni, akaishika simu karibu na mdomo. Aliliita lile jina, si kwa sauti ya stesheni. Aliliita kama alivyokuwa akiliita kila asubuhi kutoka chumbani anapotafuta soksi zake, ile sauti ya kunung'unika ya mtu anayejua ataitikiwa. Shangazi akajifunika uso kwa pajama alizotoka kuzipiga pasi. Mzee akangoja kidogo, kama vile kuna wa kuitikia, kisha akaliita mara ya pili, taratibu zaidi, kwa mtoto.

"Hiyo ya pili ndiyo yake," akasema. "Lakini mtumie zote."

Dada akatuma. Safari hii mstari haukusita hata kidogo, ulikuwa umejaa kabla hajaondoa mkono. Wote watatu walisubiri jibu, na lilipokuja lilikuwa neno moja: "Imefika."

Mzee alilisoma mwenyewe, akalisoma tena, akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua mzigo. Akainuka, akalichukua begi kabla Shangazi hajaliwahi.

"Haya, twendeni," akasema. "Sasa wanaweza kukata."