Ndege Iliondoka Bila Titus

Timu ya Titus Mwakio ilipanda ndege kurudi Marekani jioni ileile ya mchezo, na yeye wakamwacha London, amelala hospitalini, mguu wa kushoto umefungwa toka vidoleni hadi gotini. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo: Jumapili inayofuata kuna mchezo mwingine, na mtu aliyekatika kano ya kisigino hasubiriwi. Daktari wa timu alimgusa bega, mchezaji mwenzake akamletea begi, wakaenda zao.

Titus alikuwa mtoto wa Voi. Mamake, Lydia, alimleta Edmonton, kaskazini mwa London, akiwa na miaka tisa, akamlea peke yake kwa kazi ya kutunza wazee. Mwili ulimkua haraka hata sare za shule zikawa zinamkimbia. Alianza na raga, kisha siku moja akaona vijana bustanini wamevaa helmeti na mabega ya plastiki, wanagongana kama mbuzi dume. Akaomba kujaribu. Kabla ya kufika miaka ishirini, chuo kimoja cha Marekani kilikuwa kimemchukua.

Katika mpira wa Kimarekani kuna mtu mmoja ambaye mchezo wote unapitia mkononi mwake, yule anayeurusha mpira. Mbele yake husimama majabali ya kumkinga. Kazi ya Titus, katika safu ya ulinzi ya upande wa pili, ilikuwa kuyapenya majabali hayo na kumwangusha mrushaji kabla mpira haujamtoka. Aliifanya misimu saba, kwa kulipwa, katika miji mitatu. Hakuwa nyota. Alikuwa mtu wa kuingizwa wengine wakichoka, na kila mwaka msimu ukikaribia alilala akisubiri kuambiwa abaki au afungashe. Katika nyumba zote alizopanga kule hakuwahi kutundika picha ukutani.

Lydia hakuwahi kumwona akicheza. Kwenye simu alikuwa na maswali yaleyale.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Hujaumia?"

"Sijaumia," angejibu, na huku vidole viwili vimefungwa pamoja kwa plasta.

Ndipo timu ikapangiwa kuja London, kucheza katika uwanja wa Tottenham, mwendo wa basi moja tu kutoka kwa mamake. Titus aliwatafutia viti vya chini, karibu kabisa na nyasi, mamake na rafiki yake wa kanisani, Njeri. Robo ya kwanza ilikuwa haijaisha alipompita jabali lake kwa ndani, akamkumbatia mrushaji, akaenda naye chini. Uwanja ukalipuka. Titus akainuka, akautafuta upande alikokaa mamake, akanyoosha kidole huko. Kwa umbali ule hakuweza kumtambua mtu, lakini alijua yuko.

Baada ya mapumziko alikanyaga ili achomoke mbio, akahisi kama amepigwa teke kisiginoni. Aligeuka kuona nani kampiga. Hapakuwa na mtu.

Walipomruhusu kutoka hospitalini, alirudi kwenye chumba chake cha utotoni. Miguu ilining'inia nje ya kitanda. Asubuhi alimsikia mamake akivaa viatu kwenye ngazi, mlango ukafungwa, na nyumba ikabaki na sauti ya friji. Mwanzoni wachezaji wenzake walipiga simu kila siku. Kisha wakawa wanatuma ujumbe, kisha picha za kuchekesha, halafu kimya. Jumapili aliwatazama kwenye laptop. Mahali pake alisimama kijana mwingine, na kijana huyo alikuwa hodari. Titus alijikuta akimwelekeza kwa sauti, peke yake chumbani: shuka, shuka, weka nyonga chini.

Mwezi wa tatu meneja wa timu alimpigia, akamwambia wameamua kumwachia. Simu haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Titus akamshukuru, halafu akakaa akijiuliza anashukuru nini.

Alitamani kumweleza mamake alichopoteza, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimesimama pale alipokiacha, kwenye miaka tisa. Alijua kuomba chakula na kusema tumbo linauma. Akijaribu kwa Kiingereza, Lydia aliitikia "mm, mm" kama anavyowaitikia wazee wake kazini. Basi Titus alijifariji kwa jambo moja: angalau mara moja mama aliniona.

Siku moja Njeri alikuja na chapati na ndengu kumjulia hali. Lydia alikuwa jikoni.

"Pole, Titus," Njeri alisema. "Na vile ulimwangusha yule mtu! Aki nilipiga kelele mpaka sauti ikapotea. Nikasema, ona sasa, Lydia ako msalani na mtoto anafanya maajabu."

"Msalani?"

Njeri akaanza kuzifunika chapati ambazo zilikuwa zimefunikwa.

Alipoondoka, Titus aliburuta mguu hadi jikoni. "Mama, hukuniona?"

Lydia hakugeuka. "Nilikaa mpaka mkagongana mara ya kwanza. Ule mlio, Titus! Wewe nilikubeba mgongoni mimi. Nikamwambia Njeri naenda msalani, nikajifungia huko nikiomba. Watu wakipiga kelele nasema, amekufa. Halafu wakanyamaza wote. Hapo ndipo nilipotoka mbio."

Maneno yalimjaa Titus kifuani kwa lugha moja, na mamake alikuwa katika lugha nyingine. Yaliyotoka ni ya mtoto. "Nilikunyooshea kidole."

Akachukua gongo lake, akatoka. Alikaa katika bustani ya Pymmes Park, kwenye benchi lililolowa maji, bata wakimzunguka na kumwacha walipoona hana mkate. Hasira haikumpata. Alichohisi ni kwamba ile siku ya uwanjani ilikuwa imeondolewa katika siku zake, na hapakuwa na mtu wa kumrudishia.

Aliporudi alimkuta Lydia amevaa koti la kwenda kwenye shifti ya jioni, amekaa ukingoni mwa kitanda cha Titus, laptop mapajani.

"Sijui kuifungua," alisema. "Nionyeshe."

Titus akaitafuta video ya mchezo ule, pale alipomwangusha mrushaji. Lydia alitazama, kiganja kikiwa mdomoni.

"Huyu ni mimi, mama."

"Nitashindwaje kukujua? Na huyo uliyemwangusha, aliinuka?"

"Aliinuka."

"Haya. Rudisha."

Safari hii hakushtuka pale walipogongana. Alingoja mpaka mtoto wake akasimama, kidole juu, helmeti ikigeuka huku na huku kwenye maelfu ya watu. Akaigusa skrini pale.

"Ulikuwa unanitafuta."

"Ndiyo."

Lydia akafuta macho kwa mkono wa koti. Hakuomba msamaha, na Titus hakumtaka aombe. "Nitachelewa," akasema. "Nisindikize."

Walitembea taratibu hadi kituoni, Lydia akipunguza hatua kwa ajili ya mguu wake. Basi lilipokuja alimvuta shingo, akamsemesha sikioni kama alivyofanya zamani mlangoni pa shule, akapanda. Titus akasimama mpaka basi likapinda kona.

Hakuna timu nyingine iliyompigia, msimu ule wala uliofuata. Lakini jioni ile alikuwa hajalijua hilo. Mzee mmoja Mwingereza, aliyekuwa akingoja basi lake, alimpima kwa macho kutoka miguuni hadi kichwani.

"Mwili huo," mzee akasema. "Mchezaji wa raga, sivyo?"

Titus akafungua mdomo ili amweleze, akaona safari ya maelezo ilivyo ndefu.

"Ndiyo," akamjibu. "Raga."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akarudi kutazama barabara. Titus akaweka gongo vizuri kwapani, akaanza kurudi nyumbani.