Hita Isiyo na Tumbo

Gari lilikuwa limeshayapa mgongo mashamba ya migomba ya Birkat al Mauz, kijijini kwao Oman, na Mzee Khalaf bado alikuwa anapapasa ukanda wa kiti akitafuta tundu la kuufungia. Mwanawe Zuhair, aliyekuwa anaendesha, hakuona. Aliyeona ni mke wa Zuhair, Ghalia, aliyekaa nyuma. Aliinama mbele baina ya viti viwili akautazama mkono wa mkwewe unavyogonga plastiki, ukateleza, ukagonga tena, mpaka ukapata. Akarudi akakaa.

Walikuwa wanakwenda Nizwa kununua hita ya maji. Ile ya zamani, pipa la lita themanini lililotundikwa bafuni miaka kumi na tisa, ilikuwa imeoza kitako, na Jumatatu ikatapika maji yake yote ya kutu sakafuni. Ilikuwa mwezi wa tatu, na alfajiri bado zina baridi ya mlimani.

"Hita ya nyumba yangu sichaguliwi na mtu," Khalaf alikuwa amesema asubuhi, akavaa kanzu ya kutokea na kofia ya mkono.

Hiyo "nyumba yangu" ilikuwa ya mdomoni tu. Hati alishaiandika kwa jina la Zuhair mwaka aliofariki mkewe. Alichobaki nacho ni ahadi, iliyosemwa sebuleni mbele ya Zuhair na dada yake Hamda anayekaa Sur: baba atabaki Birkat al Mauz madhali anakoga mwenyewe. Zuhair anafanya kazi Duqm, wiki mbili kule na wiki mbili nyumbani. Akiwa hayupo wanabaki mzee na mke wa mwanawe, na mke wa mwana hamwogeshi baba mkwe. Kwa watu wao hilo halina mjadala. Kwa Hamda kuna mume na vijana watatu wa kiume. Siku mzee atakapotaka kuogeshwa, ataondoka.

Khalaf hakutaka Sur. Birkat al Mauz aliijua kwa miguu: hatua mia na arubaini kutoka mlangoni hadi msikitini, falaji, mtaro wa maji ya mashambani, ikipita mkono wa kushoto, kona moja tu penye ukuta wa udongo. Na ilikuwa lazima aijue kwa miguu, maana presha ya macho ilikwisha kulila jicho la kulia lote, na la kushoto ilimwachia kitundu cha kuchungulia, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Hakumwambia mtu. Akijikwaa alilaumu miwani. Akimwaga chai alimlaumu Ghalia aliyeiweka.

Na Ghalia kulaumiwa alikuwa ameshazoea. Watu wake walirudi Oman kutoka Bujumbura, watu wa Khalaf walitoka Unguja mjini, na mzee hakumwacha asahau hata siku moja. "Kiswahili gani hicho, mama? Cha kuuzia mawese?" Mimba yake ya kwanza iliharibika. Ilipoharibika ya pili, hata wiki haijesha, walikuwa wanakula kuku, mzee akatafuta paja kwenye sinia akasema, "Kwetu sisi asiyetaga huwa namna hii." Zuhair alicheka kidogo, kwa woga. Ghalia pia alicheka. Akampa lile paja.

"Mimi nimeona moja kwenye simu," Ghalia alisema sasa kutoka nyuma. "Ndogo, saizi ya kitabu. Dizaini nzuri. Haina pipa, maji yanapita tu yanapata moto."

"Wewe umeona," Khalaf alisema. "Ulikotoka mlikuwa mnachemshia kwenye mafiga, leo fundi wa hita."

"Ndiyo, baba. Mafiga matatu."

Zuhair akaongeza sauti ya redio.

Dukani Nizwa aliwapokea mtu wa makamo, jina lake Anas, mwenye ndevu nzuri na subira nyingi. Alimsalimia mzee kwanza, akamuuliza habari za nyumbani, za mvua, za mitende, halafu ndiyo akauliza shida yao. Khalaf akapenda. Akaongea Kiarabu chake kilichonyooka.

"Nataka hita yenye tumbo. Hizo bapa sizitaki."

"Hizi bapa siku hizi watu wanazipenda, mzee. Hazili nafasi."

"Wapende. Wewe kwako unakoga nini mwezi wa sita?"

Anas akacheka, maana alishajua mzee anakwenda wapi. Kila nyumba ya huko inafanya hivyo. Likishaingia joto, tangi la juu ya paa linachemka lenyewe, na mfereji wa baridi bafuni unatoa maji ya kuunguza. Basi watu huizima hita. Maji yaliyomo ndani ya pipa yako kivulini, yamelala usiku kucha ndani ya nyumba, na mfereji wa moto ndio unakuwa wa baridi.

"Miaka yote nakoga hivyo," Khalaf alisema. "Baridi ikiwepo, mfereji wa kulia, wa baridi, kwa kutawadhia, na wa kushoto, wa moto, kwa kukogea. Joto likija, kushoto tu, kulia sikugusi. Sasa hiyo ya saizi ya kitabu, maji yangu ya mwezi wa sita yatakaa wapi? Katika kurasa?"

"Kweli kabisa," Anas alisema.

"Basi tuchukue ya tumbo," Zuhair akasema. "Lita hamsini zitatosha." Na Anas akaenda ndani kutazama kama iko.

Mambo yangekwisha hapo. Lakini Khalaf alikuwa ameshinda, na mtu aliyeshinda mbele ya mkaza mwanawe hatulii. Akapiga hatua mbili dukani, mikono mbele, ikakutana na kitu cha mviringo kimesimama juu ya rafu, baridi, kizito. Akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia vizuri.

"Hii sasa," akasema. "Hii ndiyo hita. Sikieni inavyolia."

Lilikuwa tangi la presha la pampu ya kisima. Jekundu, jekundu la kuumiza macho. Zuhair akafungua mdomo. Ghalia akamwekea mkono kifuani.

"Nzuri, baba," akasema. "Tumbo linatosha?"

"Linatosha na kubaki. Enzi zetu hita zilikuwa hivi, bati zito, si makaratasi."

"Na rangi umeipenda?"

"Nyeupe ina ubaya gani? Bafuni panataka nyeupe."

Anas alikuwa amesharudi. "Mzee, samahani, hilo ni..."

"Mwache, akhuy, ndugu yangu," Ghalia akasema kwa upole. "Anachagua." Akasogea mbele ya mkwewe, hatua moja, mikono yote miwili ameificha nyuma ya abaya. "Baba, hebu nambie. Nimenyanyua vidole vingapi?"

"Usinichezee, Ghalia."

"Sikuchezei. Vingapi?"

Mhindi aliyekuwa anapima bomba akaacha kupima. Khalaf aligeuza kichwa pembeni kidogo, kukipa kile kitundu chake nafasi, akatafuta, akaona weusi wa abaya tu.

"Vitatu," akasema.

Akangoja. "Viwili basi. Miwani hii..."

"Baba," Zuhair alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepakwa matope. "Hakunyanyua mkono."

Ghalia hakucheka. Alimgeukia mumewe akaongea Kiswahili haraka haraka, kama anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Mtu haoni, je utamtundikia pipa la maji juu ya kichwa? Likipasuka lile jipya kama lilivyopasuka la zamani, nani atakuwa chini yake? Bapa ni salama. Bapa haina cha kupasuka. Zuhair aliona haya kusimama mle ndani, na mtu mwenye haya hununua kilicho karibu na mkono. Akaashiria ile bapa ndogo nyeupe. Anas akaifunga bila kumtazama mzee.

Walirudi mpaka Khalaf akasikia mlio wa barabara ya kijijini chini ya magurudumu.

"Ahadi ilikuwa kukoga," akasema. "Haikuwa kuona."

"Kweli, baba," Ghalia alisema kutoka nyuma. "Ilikuwa kukoga."

Mwezi wa tatu na wa nne hita mpya ilifanya kazi vizuri, na Khalaf alikoga kila siku kwa sauti, akikohoa na kugongesha kata kwenye ndoo ili asikike. Mwezi wa tano joto likaingia. Zuhair akaizima hita kwa mazoea, akaenda zake Duqm. Khalaf akafungua mfereji wa kushoto, maji yakatoka ya moto. Akafungua wa kulia, ya moto. Alisimama pale uchi, mkono mmoja kila mfereji, akafikiri.

Hakuwa mjinga. Kuanzia siku ile, kila baada ya sala ya Isha alijaza ndoo ndogo, akaifunika kwa sinia na kuiacha pembeni ya mlango wa bafu. Kufika asubuhi ilikuwa imepoa, na adhuhuri bado inafaa. Alifanya hivyo mwezi mzima. Ghalia aliiona ndoo kila siku.

"Umebuni hita yako, baba," alimwambia siku moja.

"Yenye tumbo," akamjibu.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita alichelewa. Hamda alimpigia simu kutoka Sur, maneno yakawa marefu, na alipoweka simu chini adhana ilikuwa haiko mbali. Ghusli ya Ijumaa, josho la kabla ya sala, haiachi. Akaingia bafuni, akaipapasa ndoo, ipo, sinia juu yake, imejaa. Hapakuwa na wakati wa kata. Akatia nia, akainyanyua ndoo kwa mikono miwili na kujimiminia yote, bega la kulia, la kushoto, mgongo.

Maji yale yalikuwa yamelala juani tangu asubuhi kwenye bomba la juu ya paa.

Hakupiga kelele. Alishika ukuta. Alijua kwamba akipiga kelele tu, imekwisha, kwa hiyo aliuma kitambaa cha kujifutia mpaka meno ya bandia yakatoka mahali pake.

"Baba?" Ghalia aliita nje ya mlango. "Umekoga?"

"Nimekoga."

"Ile ndoo nimepigia deki. Nikakujazia nyingine, nisikuache bila maji."

Akangoja. Khalaf alikuwa akisikia pumzi ya Ghalia nje ya mlango, wala haikuwa ya haraka.

"Lini?" akauliza.

"Sasa hivi tu. Ulipokuwa na simu."

"Ahsante," Khalaf akasema.

Akavaa kanzu juu ya ngozi iliyokwisha kuachia. Akatoka. Hatua mia na arubaini, akazihesabu zote, falaji kushoto. Akasali mstari wa pili. Alipokwenda kwenye rukuu, kanzu ilinata mgongoni, na aliponyanyuka ilibaki na ngozi. Aliyesali nyuma yake, jirani anayeitwa Hood, aliona doa la majimaji linapanuka kutoka bega hadi bega, lenye wekundu ukingoni. Akadhani mzee amejimwagia kitu. Baada ya salamu akamgusa kwa kidole ili amwambie, na Khalaf akaanguka ubavu.

"Msimwambie Zuhair," ndilo neno la kwanza alilosema walipomwinua. Hood alikuwa tayari ana simu mkononi.

Alilazwa Nizwa siku kumi na saba. Zuhair alipouliza, mzee alisema alikosea mifereji. Hakumtaja Ghalia, maana kumtaja ni kukubali kwamba mwanamke wa Bujumbura ameweza kumwogesha. Ghalia naye hakuulizwa.

Alipotoka hospitali alipelekwa Sur moja kwa moja. Nguo zake zilifuata kwa gari la mtu aliyekuwa anapita Ibra kwenda Sur. Kwa Hamda aliogeshwa na mume wa Hamda, Yazan, siku moja moja, na wajukuu siku zilizobaki. Msikiti ulikuwa mbali, akawa anasali kitini. Alifariki mwezi wa pili uliofuata, akazikwa Sur kwa sababu ilikuwa karibu. Hamda alifanya khitma siku tatu. Zuhair alihudhuria siku mbili, ya tatu ilikuwa zamu yake Duqm. Hood alihamia Muscat kwa mwanawe. Anas bado yuko dukani. Ghalia alijifungua mtoto wa kike mwaka uliofuata, mzima, kilo tatu na robo, na chumba cha mzee kilipakwa rangi kikawa cha mtoto.