Daftari la Maombi

Niacheni niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Kanisani kwetu mimi ndiye mwandishi wa daftari la maombi. Mtu mwenye jambo lake ananinong'oneza, naliandika, daftari linakaa kabatini kwa mchungaji ili aliombee. Miaka kumi na moja sijafungua mdomo. Hata mume wangu akinichokonoa, namwambia kalale.

Mwezi wa pili mdogo wangu, fundi cherehani, alinivuta kando. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto. "Dada, shemeji yako asijue kwanza, mpaka nipate majibu." Niliandika kwa mkono wangu huu.

Leo asubuhi mchungaji akampandisha mgombea madhabahuni. Nikasema moyoni, haya, siasa imetufuata mpaka humu. Yule bwana akakunjua karatasi.

"Nawajua watu wa kanisa hili! Namjua baba ambaye mwanawe yuko gerezani. Namjua mama fundi cherehani mwenye uvimbe kwenye titi la kushoto. Nipeni kura, niwaletee hospitali!"

Makofi, vigelegele. Fundi cherehani tunaye mmoja tu, na vichwa vilishageuka kumtazama. Shemeji, aliyekaa naye bega kwa bega, akafunga kitabu cha nyimbo.

Ibada ilipokwisha niliingia ofisini kwa mchungaji bila hodi.

"Umempa daftari letu!"

"Mama, punguza sauti. Nimempa mahitaji ya watu. Jina la mtu hakutaja. Akishinda yeye, kanisa limeshinda."

"Mambo tuliyompelekea Mungu, wewe umempelekea mgombea! Huoni haya?"

Wala hakuona. Alivuta kiti, akaketi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Jumapili ijayo anarudi. Kuna maombi mapya?"

Loh! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote hiyo namwita baba.

Nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Shemeji alifungua mlango nusu, akasimama pale pale. Nikaanza, jamani shemeji, nisameheni, si mimi, ni mchungaji. Akaniacha nimalize.

"Shemeji, mimi mumewe nimejua leo, pamoja na watu mia tatu. Wewe ulijua lini?"

Nilitamani kudanganya.

"Mwezi wa pili," nikasema.

Akafunga mlango, wala hakuubamiza.